Legacy ya 4x4, tairi moja imekatwa na makoro: ninunue moja, mbili au nne?

#1 Dada_wa_Himbi
Habari za humu. Nina Subaru Legacy sedani, otomatiki, ile inayovuta magurudumu yote manne. Juzi nikitokea Ndosho, hapa Goma, nilipita njia za ndani kukwepa msongamano, nikasikia mlio kama wa chupa kubwa ikifunguliwa. Tairi ya nyuma kulia imekatwa ubavuni na makoro (mawe makali ya lava), jeraha la urefu wa kidole, nyuzi ziko nje. Saizi ni 205/55R16, ndiyo iliyobandikwa mlangoni. Tatu zilizobaki zimelika nusu, meno kama milimita 4.

Kwado (fundi wa tairi) wa mtaani anasema nitafute moja ya okazioni, yaani iliyotumika, aifunge, mambo yaishe. Shemeji yangu wa Gisenyi anasema nikifunga moja mpya nitaua bwati ya vitesi (giaboksi). Muuza tairi, kama kawaida yake, anasema nne. Nimsikilize nani? Na kwa mawe yetu haya, nichukue tairi ya aina gani?

#2 Chukudu_Turbo
Nne. Hela ikipungua uza gari ununue chukudu, ile skuta yetu ya mbao. Haina difu, haina bwati, na tairi yake ni ya mti.

#3 Fundi_Katindo
Pole dada. Shemeji hajakosea, ila hajamaliza maneno. Tairi mpya ni nene kuliko iliyolika, kwa hiyo kwa umbali uleule inazunguka mara chache zaidi. Gari linalovuta mbele tu halina habari na hilo. La kwako lina klachi ya diski nyuma ya bwati, ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mbele na nyuma vikizunguka kwa kasi tofauti kutwa nzima, hata kwenye lami iliyonyooka, diski zinasuguana bila kupumzika na mafuta ya bwati yanaungua. Utajua siku gari litakapoanza kugoma kwenye kona kali.

Subaru wenyewe wanataka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo.

Kuhusu kushona ubavu, usikubali hata ukiahidiwa bure. Meshi (uzi wa kuzibia) na rustini (kiraka) ni za pale usoni panapokanyaga. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, hakuna uzi utakaovumilia.

#4 Bukavien_Mpole
Fundi kwa heshima yote, haya mambo ya robo inchi ni ya watu wenye barabara. Mimi nina Premio 4WD, nimefunga tairi za kila namna, mbili za jina moja, moja ya Kichina, moja sijui hata imetoka wapi. Napanda Kadutu kwenye mvua, nashuka hadi Panzi, bwati haijawahi kulalamika. Dada, sikiliza kwado wako. Okazioni moja, meno yakaribiane na hayo ya kwako, basi.

#5 Fundi_Katindo
@Bukavien_Mpole Premio siyo Legacy, mukubwa. Toyota nyingi ndogo za miaka ile zinapeleka nguvu nyuma kwa kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni. Kama magurudumu ya mbele hayatelezi, kiungo kile kinazubaa tu, kazi yake ni ndogo. Klachi ya Legacy ya otomatiki inaamriwa na kompyuta na kwa kawaida haifunguki yote. Halafu kwa matope ya Bukavu gurudumu linateleza kila mara, tofauti ya mzingo inamalizikia kwenye matope. Njoo uendeshe lami ya Goma hadi Sake na tairi hizo, kisha shika chini pale difu ya nyuma (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) usikie joto lake.

#6 Bukavien_Mpole
Nishike chini ya gari Sake? Hapana, aksanti.

#7 Hesabu_Tu
Naongezea kwa #3 maana wengi wataisoma vibaya. Zile milimita 6 ni za mzingo, siyo za meno. Meno yakipungua milimita 1, mzingo unapungua zaidi ya 6. Kwa hiyo Subaru wanachosema ni kwamba meno yasipishane zaidi ya milimita 1 tu.

Sasa tuchukue ya dada. Tairi 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 632 hivi, mzingo 1,985. Ikiwa mpya meno huwa kama milimita 8. Za kwake ziko 4, mzingo wake umeshuka hadi 1,960. Kwa kilomita moja mpya itazunguka mara 504, zilizolika mara 510. Mizunguko 6 zaidi kila kilomita, mchana na usiku, na hiyo klachi ndiyo inayoimeza.

#8 Waya_wa_Chuma
Hesabu safi lakini ni ya karatasini. Ndani ya tairi ya radiali kuna mkanda wa waya za chuma na urefu wake haubadiliki kwa meno kulika. Gari likikaa juu yake tairi inabonyea, na mwendo wa gurudumu unafuata mkanda ule zaidi kuliko unene wa mpira wa juu. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko hiyo ya milimita 25. Na upepo ukiwa pungufu upande mmoja unaweza kuleta shida yake hata kwa tairi zinazolingana. Kabla ya kununua chochote pima upepo asubuhi, gari likiwa limelala. Siyo baada ya kuzunguka Birere nzima.

#9 Hesabu_Tu
@Waya_wa_Chuma nakubali kwamba inapungua, sikubali kwamba inaisha. Ila kuna kitu hakuna aliyekigusa. Akifunga moja mpya nyuma kulia na kuacha iliyolika nyuma kushoto, difu ya nyuma inagawanya tofauti ya hizo mbili, na katikati inafika nusu tu. Akifunga mbili mpya nyuma, tofauti yote inafika katikati. Kwa klachi ya kati, mbili mpya ni mbaya kuliko moja mpya. Watu wengi wanapenda "angalau mbili" kwa sababu inaonekana ni uungwana.

#10 Fundi_Katindo
#9 ni kweli kwa klachi, lakini sasa difu ya nyuma ndiyo inafanya kazi muda wote, na ukifunga breki kwa nguvu kwenye maji tairi mbili za ekseli moja zenye meno tofauti hazishiki sawa. Usimpeleke dada wa watu kwenye mfereji kwa ajili ya klachi.

#11 Lushois_Kilometa
Jambo yenu bote. Nacheka tu. Hapa Lubumbashi hatuna makoro, tuna barabara ya Kolwezi, kilomita kama 300 za lami, malori ya kathodi za shaba na jua la mwezi wa 10. Tairi zetu hazikatwi, zinalipuka. Unapita bega la barabara unaona ngozi za tairi zimelala kama nyoka.

Kwa hiyo mimi siangalii meno kwanza, naangalia umri. Ubavuni tafuta neno DOT, fuata hadi tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya okazioni inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na mpira umekauka. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama haijatembea. Mimi sichukui iliyozidi 5.

#12 Chukudu_Turbo
Lushois amekuja kutuonyesha lami yake tena 😂

#13 Lushois_Kilometa
Tunalipia peaji (ushuru wa barabara) ile lami, hatukuokota.

#14 Yaya_Mugunga
Nirudi kwenye swali la pili la dada, maana mnashindana hesabu na yeye anataka kwenda kazini. Kwa Goma, adui ni ubavu. Lava ile ya Nyiragongo iliyoshuka 2002 na ya 2021 haijawahi kuwa kokoto, ikivunjika inakuwa na kingo kama chupa. Ukiwa na 205/55 ubavu wako ni milimita 113 tu. Tairi fupi hivyo ikigonga jiwe inabanwa kati ya jiwe na janti (rimu). Ushauri wangu ni kupandisha ubavu: 205/60R16. Unapata sentimita moja zaidi ya mpira na gari linainuka sentimita moja. Mtu wa Himbi hahitaji tairi ya mashindano.

#15 Hesabu_Tu
205/60R16 ina kipenyo cha 652, ni kubwa kwa asilimia 3. Kipima mwendo kikisema 100 unaenda 103. Inavumilika, ila lazima ziwe nne, na mkate usukani mpaka mwisho pande zote mbili muone kama haigusi plastiki za ndani.

#16 Petit_Virunga
Mbona hamjafikiria tairi za Hiace? Zile zenye herufi C au LT. Ubavu wake mgumu, hazikatwi ovyo. Wamama wa soko wanapanda humo na magunia ya viazi na haziumii.

#17 Fundi_Katindo
Petit, tairi ya Hiace 195/80R15 ina kipenyo karibu milimita 693. Utaifunga wapi, juu ya paa? Na namba yake ya mzigo ni 107, yaani kilo 975 kwa tairi moja. Imeundwa kwa upepo mwingi na uzito mwingi. Kwenye sedani tupu itarukaruka kama mpira wa watoto na kwenye mvua haitashika breki.

Anachoweza kufanya ni kuangalia namba ya mzigo katika saizi yake. 205/55R16 za kawaida ni 91, kilo 615. Zipo zenye 94 na maandishi XL, kilo 670. Huwa zimeimarishwa kidogo. Siyo kinga ya makoro, ila nikiwa na chaguo nachukua XL.

#18 Waya_wa_Chuma
XL inabeba upepo zaidi, ndivyo inavyobeba mzigo zaidi. Sijaona ushahidi kwamba ubavu wake unakataa kukatwa. Na tairi ikijazwa sana inakuwa ngumu, jiwe kali linaingia badala ya tairi kubonyea na kulipita. Mimi kwenye njia za ndani sipiti kilo 2 na robo za upepo.

#19 Yaya_Mugunga
@Waya_wa_Chuma ukipunguza ndiyo inabanwa kati ya janti na jiwe!

#20 Waya_wa_Chuma
Sijasema ipungue. Nimesema isizidi iliyoandikwa mlangoni.

#21 Kwado_Birere_Original
Mimi ndiye ninayezifungua hizo tairi kila siku kwa hiyo acheni niseme. Za ubavuni zinazoletwa kwangu, nyingi ni za nyuma na nyingi ni upande wa kulia. Mnajua kwa nini? Mtu anakata kona kuingia kwenye parseli (kiwanja), anaangalia gurudumu la mbele limepita jiwe, anasahau la nyuma linakata ndani zaidi. Hakuna chapa ya kukuokoa hapo.

Na jingine. Magari haya yakitoka Japani, mengine yanashuka na tairi za theluji. Angalia ubavuni kama kuna neno STUDLESS au kialama cha mlima chenye theluji ndani. Meno yake yana mikato midogomidogo mingi, mpira laini ukiubonyeza kwa ukucha. Watu wanazipenda kwa sababu zinaonekana mpya. Kwetu hapa hakuna theluji hata ya kuweka kwenye soda. Mpira ule umetengenezwa kwa baridi, kwenye joto unalika mbio na makoro yanauchana kama sambusa. Dada kama hizo tatu zako ni za hivyo, usitafute mwenzake. Toa zote.

#22 Dada_wa_Himbi
Aksanteni wote. @Kwado_Birere_Original nimeangalia, STUDLESS haipo, imeandikwa M+S (matope na theluji) tu. DOT za zote tatu ni za 2020.

Kuna kitu sikukisema mwanzo. Tangu kabla ya tairi kukatwa, nikizunguka taratibu pale Rond-Point Tshukudu au nikiegesha nimekata usukani wote, gari linashtukashtuka kama limeshikwa nyuma. Nikinyoosha linaacha. Inahusiana?

#23 Fundi_Katindo
Hapo umesema. Hiyo ndiyo klachi inayogoma. Kuna njia rahisi ya kupima: Legacy nyingi za otomatiki za zamani zina tundu la fyuzi chini ya boneti limeandikwa FWD. Weka fyuzi humo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi na gari litavuta mbele tu. Zunguka pole pole umekata usukani. Ikiacha kushtuka, klachi inafunguka vizuri, tatizo ni tairi au mafuta. Ikiendelea vilevile, solenoidi (vali ya umeme) ya klachi au diski zenyewe zimechoka.

Na hiyo fyuzi ndiyo ya kutumia ukifunga tairi ya akiba. Ndiyo kazi yake.

#24 Petit_Virunga
Mimi nasema ni kardani, kile kiungo cha kuzungusha gurudumu. Yangu ilikuwa hivyohivyo.

#25 Fundi_Katindo
Kardani inalia tak-tak-tak ukikata kona huku umekanyaga mafuta. Haishiki gari.

#26 Bukavien_Mpole
Au ni mafuta ya bwati tu. Mara ya mwisho yamebadilishwa lini dada? Magari haya yanakuja kutoka Mombasa au Dar, tunabadilisha mafuta ya moteri, ya bwati tunaambiana "hayaguswi". Fundi mmoja wa kwetu alinibadilishia mara tatu mfululizo, kila mara kilomita kadhaa katikati kwa sababu yote hayatoki kwa mara moja, na lile Legacy la kaka likanyamaza.

#27 Chukudu_Turbo
Kumbe kaka ana Legacy! Na juu huko #4 ulikuwa unaapa kwa Premio.

#28 Bukavien_Mpole
Legacy ni ya kaka. Ushauri ni wangu.

#29 Mnyamulenge_wa_Lami
Swali la kichokozi: usukani wa gari lako uko kulia, na sisi tunaendesha kulia. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe lenyewe. Ulikosaje kuliona?

#30 Dada_wa_Himbi
Nililiona! Motari (wa pikipiki) alinipita kushoto na abiria wawili na godoro. Ulitaka nimfuate godoroni?

#31 Kwado_Birere_Original
Nilisema. La mbele limepita, la nyuma limekata ndani.

#32 Lushois_Kilometa
Huko nchi za watu kuna maduka yenye mashine ya kunyoa tairi mpya hadi ilingane na zile za zamani. Mnunuzi analipa apewe tairi yenye milimita 4 badala ya 8. Nilifikiri ni utani mpaka nikaelewa hizi gari za 4x4. Kwado wa Birere, huna hiyo?

#33 Kwado_Birere_Original
Nina panga. Ila nikimnyoa mteja tairi mpya mbele ya macho yake, mimi ndiye nitakayenyolewa.

#34 Yaya_Mugunga
Kwa hali ya dada (DOT za 2020, meno 4, gari linashtuka kwenye kona tu) mimi ningefanya hivi: okazioni moja ya jina lilelile na meno 4, igharimu kidogo, imfikishe mwaka mwingine, huku anakusanya hela ya nne. Apime kwa kipimo, siyo kwa jicho. Wauzaji wa Birere wanajua kupaka tairi nyeusi ikang'aa kama kiatu cha Jumapili. Aingize mkono ndani pia apapase, rustini kubwa ndani ya ubavu ni tairi iliyokufa.

#35 Hesabu_Tu
Nakubaliana na #34 ila meno 3 na nusu hadi 4 na nusu, zaidi ya hapo aache.

#36 Fundi_Katindo
Sikubaliani. Klachi tayari inashtuka. Aweke nne zinazolingana kwanza, abadilishe mafuta ya bwati, halafu ndiyo tujue ugonjwa uko wapi. Ukitafuta ugonjwa wa klachi juu ya tairi za mchanganyiko utabadilisha kila kitu mpaka pesa iishe. Na nne zikifungwa, zihamishwe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zilike pamoja. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu: wananunua nne, wanasahau, mwaka mmoja mbele 5, nyuma 7, tunarudi hapahapa.

#37 Waya_wa_Chuma
Afunge fyuzi ya FWD kwanza. Bure. Ndiyo aamue.

#38 Dada_wa_Himbi
Fyuzi nimeweka leo jioni. Taa imewaka. Uani kwetu nimezunguka nimekata usukani wote, mshtuko umepungua lakini haujaisha. Sasa huo ni ugonjwa gani?

#39 Petit_Virunga
Kardani 😌

#40 Fundi_Katindo
Upo na tairi ya akiba nyuma sasa hivi? Ya saizi gani?

#41 Dada_wa_Himbi
Ile nyembamba iliyokuja na gari. Kwado ndiye aliifunga.

#42 Hesabu_Tu
Basi hicho kipimo hakijapima kitu. Nyembamba ile ina mzingo wake na mpira wake, uani kwenye mawe itashtuka tu. Rudia ukiwa na nne za kweli.

#43 Bukavien_Mpole
Au mafuta ya bwati.

#44 Mnyamulenge_wa_Lami
Dada ukiamua nne mpya, hizo 3 za 2020 unaziuza? Nina Impreza, saizi ileile, na mimi natafuta.

#45 Kwado_Birere_Original
Za dada nimeziona kabla yako, mukubwa. Panga foleni.

#46 Mnyamulenge_wa_Lami
Tuma picha za ndani, siyo za nje. Na bei kwa dola, tuzungumze.